Treni ya wafanyakazi, mgeni kwenye reli ya mizigo

Jumatatu, Oktoba 29, 2012, treni mbili za abiria zilianza kazi jijini Dar es Salaam, na wala hazikuwa zikienda Kigoma wala Mbeya. Moja ilikuwa ya Kampuni ya Reli Tanzania, TRL, iliyotembea kati ya Stesheni na Ubungo Maziwa kwa kupitia Kamata, Buguruni, Tabata na Mabibo. Nyingine ilikuwa ya TAZARA, iliyotoka stesheni yake kuu ya Barabara ya Nyerere kuelekea Mwakanga kwa kupitia Yombo. Zote mbili zilikuwa na kazi moja tu: kumpeleka mtu kazini asubuhi na kumrudisha nyumbani jioni.

Ndugu msikilizaji, watu wa mjini ni hodari wa kubatiza vitu. Treni zile hawakuziita kwa jina la kampuni wala kwa jina la njia. Waliziita treni ya Mwakyembe, kwa jina la Dakta Harrison Mwakyembe, aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi tangu Mei mwaka huo na ambaye alilisukuma jambo hilo mpaka magurudumu yakazunguka. Jina lile lilikuwa ni shukrani, na shukrani ya haki. Lakini ndani yake mlikuwa na onyo pia. Huduma inayoitwa kwa jina la waziri ni huduma ambayo kila abiria anajua moyoni kwamba isingekuwapo bila yeye, na mawaziri huhama. Januari 2015 Dakta Mwakyembe alihamishiwa Wizara ya Ushirikiano wa Afrika Mashariki. Mabehewa yalibaki.

Ninachotaka kusema leo ni kwamba treni ya mjini, hapa kwetu na hata kwa jirani zetu wa Nairobi, haijawahi kuwa na reli yake, fungu lake la fedha, wala sheria yake. Tangu mwanzo imekuwa mgeni katika nyumba ya treni ya mizigo, na mgeni ndiye anayesogea mwenye nyumba anapotaka kupita. Ili tuone jambo hili lilivyoanza, hatuna budi kurudi nyuma zaidi ya miaka mia moja.

Wajerumani walihamisha makao yao makuu kutoka Bagamoyo kwenda Dar es Salaam mwaka 1891 kwa sababu ya bandari. Ujenzi wa Reli ya Kati ulipoanza mwaka 1905, ulianzia hapo hapo bandarini. Reli ilifika Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwanzoni mwa mwaka 1914, miezi michache tu kabla ya vita kuu ya kwanza. Ukiitazama ramani ya reli hiyo utaona nia ya aliyeichora. Inatoka majini, inapita Gerezani, inakata moja kwa moja kuelekea vilima vya Pugu, halafu inaelekea bara bila kugeuka nyuma. Ilijengwa ili kuteremsha mazao na kupandisha bidhaa na askari. Mji wenyewe, kwa maana ya watu wanaolala humo na kuamka humo, haukuwamo katika hesabu.

Na kwa kweli wakati ule hapakuwa na sababu ya kuuhesabu. Mfanyakazi wa bandarini au wa karakana ya reli alikaa Gerezani, Ilala, au Kariakoo, mtaa ambao hata jina lake limetokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika vita hiyo ya kwanza. Kutoka Kariakoo hadi bandarini ni mwendo wa miguu. Serikali ya kikoloni ilipopanga mitaa kwa rangi za watu, Wazungu huku, Wahindi kule, Waafrika kule kwingine, iliipanga ndani ya mji mdogo ambao mtu mwenye afya aliweza kuuvuka kabla jua halijawa kali.

Mambo yalibadilika baada ya vita kuu ya pili. Magomeni na Temeke zilipimwa na kujengwa, mji ukaanza kujinyoosha, na ulijinyoosha kwa kufuata barabara: Barabara ya Morogoro, ya Bagamoyo, ya Kilwa, na ya Pugu ambayo leo inaitwa ya Nyerere. Vidole vinne vya mkono mmoja. Reli ilikuwa kwenye kidole kimoja tu, kile cha Pugu. Sijaona dalili yoyote kwamba waliopima viwanja walikaa meza moja na watu wa reli wakaulizana ni wapi mji ukue ili treni iweze kuuhudumia.

Ikaja TAZARA, iliyojengwa kwa msaada wa Wachina kati ya mwaka 1970 na 1975, kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia. Hii ilikuwa reli ya ukombozi, reli ya shaba ya Zambia kukwepa bandari za makaburu na za Wareno, na hakuna Mtanzania wa umri wangu asiyeionea fahari. Lakini tazama ilivyoingia Dar es Salaam. Reli ya Kati ina upana wa milimita 1,000 kati ya chuma na chuma. TAZARA ina milimita 1,067. Kwa tofauti hiyo ya milimita 67, pungufu ya upana wa kiganja, behewa la moja haliwezi kutembea juu ya nyingine. Na stesheni kuu ya TAZARA ikawekwa mbali na katikati ya mji. Kwa mzigo wa shaba hilo halikuwa tatizo. Tatizo lilijitokeza miaka karibu 40 baadaye, pale abiria wa Yombo aliposhuka TAZARA mwaka 2012 na kukuta kwamba treni yake haikutani na treni ya Stesheni. Ilimbidi apande daladala ili amalizie safari ya treni.

Wenye umri wa kukumbuka wanajua tuliyoyapitia kwenye mabasi. Kampuni ya mabasi ya DMT ilitaifishwa mwaka 1970, na mwaka 1974 likazaliwa Shirika la Usafiri Dar es Salaam, UDA. Halafu mafuta yakapanda bei, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka 1977, ikafuata vita ya Kagera mwaka 1978 na 1979, vipuri vikaadimika. Mabasi yakawa yanalala karakana kuliko yanavyotembea. Watu walipanda magari ya mizigo yaliyowekewa mabenchi, abiria wakitazamana kama wako mgahawani, ndiyo maana yakaitwa chai maharage. Mwaka 1983 Serikali ikakubali yaishe, ikaruhusu magari ya watu binafsi, na kwa kuwa nauli ilikuwa shilingi tano, sarafu ambayo mtaani iliitwa dala, tukapata daladala.

Katika shida yote ile, reli ilikuwapo. Ilipita Buguruni, ikapita Vingunguti, ikapita Gongo la Mboto, na treni zake zilipita mbele ya watu waliokuwa wakigombania mlango wa basi. Shirika la Reli, ambalo nalo lilizaliwa mwaka 1977 kutokana na kuvunjika kwa Jumuiya, lilipimwa kwa tani na kwa abiria wa bara. Hakuna aliyelipima kwa mtu wa Buguruni aliyechelewa kazini. Siwalaumu mameneja wa wakati huo. Meneja hufanya kile anachoulizwa.

Hadi tunafika mwaka 2012, reli yenyewe ilikuwa mgonjwa. Ilikuwa imekodishwa mwaka 2007 kwa kampuni ya RITES ya India kwa mkataba uliotakiwa kudumu miaka 25, mkataba ukavunjika, na kufikia mwaka 2011 Serikali ilikuwa imekwisha kuirudisha mikononi mwake. Mwanzoni mwa mwaka 2010 mafuriko yalikuwa yameing'oa njia upande wa Kilosa. Treni ya mjini ilizaliwa katika nyumba hiyo ya mgonjwa, kwa mabehewa ya zamani yaliyokarabatiwa. Kwamba ilitembea ni ushahidi wa bidii ya mafundi wetu. Na watu waliijaza.

Sasa hebu tufanye hesabu, maana hapa ndipo penye kiini. Reli ile ni ya njia moja. Treni mbili haziwezi kukutana isipokuwa mahali palipo na njia ya mapishano, ile njia ya pili fupi ambamo treni moja huingia ikasubiri. Kutoka Stesheni hadi Pugu ni kama kilomita 20. Tuchukulie treni inatumia saa moja kwenda. Kama hakuna mapishano yanayotumika katikati, basi treni inayofuata kwenda Pugu haiwezi kuondoka mpaka ile ya kwanza irudi, yaani baada ya saa mbili, hata ukiwa na mabehewa mia. Ukiweka mapishano mahali pamoja katikati, muda huo unapungua kwa nusu. Ukiweka mengine mawili, unapungua tena kwa nusu. Mtu anayesimama Gongo la Mboto akilalamika kwamba treni ni chache, mara nyingi anadai mabehewa. Anachohitaji kwanza ni vipande vya reli vya mita mia chache kila kimoja, na ishara za kuviongoza.

Kuna na jambo la kichwa cha treni. Treni ya kawaida huvutwa na kichwa kilicho mbele. Ikifika mwisho wa safari, kichwa hicho lazima kifunguliwe, kizungushwe na kufungwa upande wa pili, na kazi hiyo hula dakika ambazo asubuhi ni dhahabu. Kisha kuna makutano ya reli na barabara, kama pale Buguruni, ambapo treni na foleni ya magari hunyang'anyana haki ya kupita. Na juu ya yote hayo, inapokuja treni ya makasha kutoka bandarini, nani atasubiri? Mgeni.

Mwaka 2016 hatua kubwa zaidi ilipigwa, treni ya kwenda Pugu ikaanzishwa. Nasema kubwa zaidi kwa sababu ilikwenda kule walikokuwa watu. Sensa ya mwaka 1988 iliukuta Mkoa wa Dar es Salaam na watu 1,360,850. Ya mwaka 2012 iliukuta na watu 4,364,541, na ya mwaka 2022 ikahesabu 5,383,728. Wengi wa hao walioongezeka hawakujenga Upanga. Walijenga pembezoni, Gongo la Mboto, Pugu, Chanika na kwingineko kama huko, mahali ambapo kiwanja kilipatikana na usafiri haukupatikana. Mtu wa huko anayeamka saa kumi alfajiri ili aingie kazini saa mbili analipa kodi ambayo haimo katika kitabu chochote cha Hazina.

Tuvuke mpaka kidogo. Nairobi ni mji uliozaliwa na reli. Vyuma vilifika pale Mei 1899, vikiwa njiani kwenda Kisumu, na kabla ya hapo palikuwa ni mbuga na maji tu. Ungetegemea mji wa namna hiyo uwe na treni nzuri za mjini. Nao pia ulikabidhiwa kwa magari ya watu binafsi, matatu, ambayo yaliitwa hivyo kutokana na nauli ya mapeni matatu na yakaruhusiwa rasmi mwaka 1973. Treni za kwenda Kahawa, Ruiru, Embakasi na Kikuyu zilikuwapo, lakini kwa njia ile ile moja ya mizigo na kwa safari za kuhesabika.

Novemba 2012, wiki mbili tu baada ya treni ya Mwakyembe kuanza, Rais Mwai Kibaki alifungua stesheni mpya ya Syokimau. Hapa Wakenya walitupita hatua moja. Walijenga stesheni iliyokusudiwa tangu mwanzo kwa ajili ya mtu wa mjini, yenye mahali pa kuacha gari. Reli mpya ya kutoka Mombasa ilipofunguliwa mwaka 2017, nayo stesheni yake ya Nairobi iliwekwa huko huko Syokimau, mbali na katikati ya mji, na ikabidi abiria wamaliziwe safari kwa treni ya reli ya zamani. Mwaka 2020 wakaleta treni za dizeli zilizokwisha tumika Hispania. Kelele zilikuwa nyingi, kwamba nchi inanunua mitumba. Mimi mtumba unaofuata ratiba siugombi. Treni za aina ile zina chumba cha dereva mbele na nyuma; zikifika mwisho, dereva hutembea hadi upande wa pili na safari inaanza. Suala la kuzungusha kichwa linakwisha.

Lakini mfano ambao ningependa wabunge wetu wausome si wa Nairobi. Ni wa London, na ni wa zamani sana. Mwaka 1864 kampuni ya reli ya Great Eastern iliomba kibali cha Bunge ili ipenyeze reli yake hadi katikati ya jiji, mahali ilipo leo stesheni ya Liverpool Street. Ili ipite, ilibidi ibomoe nyumba za maelfu ya watu maskini. Bunge likakubali kwa sharti: kampuni iendeshe treni za wafanyakazi kila siku, kwa nauli ya senti ndogo iliyotajwa ndani ya sheria yenyewe, ili wale waliobomolewa na wenzao waweze kuishi mbali na bado wafike kazini. Kampuni haikufurahi. Lakini vitongoji vya Walthamstow na Edmonton vilijaa wafanyakazi kwa sababu ya treni zile. Mwaka 1883 ikapitishwa sheria kwa nchi nzima: kampuni za reli zikaondolewa kodi kwenye tiketi za bei ya chini, na Serikali ikapewa nguvu ya kuzilazimisha ziendeshe treni za wafanyakazi kati ya saa 12 jioni na saa 2 asubuhi. Hakuna Mwingereza aliyeziita treni hizo kwa jina la waziri.

Naomba msikilizaji utulie kidogo juu ya sharti lile la mwaka 1864, kwa sababu linatuhusu. Mwaka 2017 ujenzi wa reli yetu mpya ya kisasa ulipoanza, nyumba zilizokuwa ndani ya hifadhi ya reli jijini ziliwekewa alama ya X na kubomolewa. Yalikuwapo mabishano makali juu ya nani alistahili fidia na nani alikuwa amevamia, na hayo si ya kuyaamua mimi hapa. Kuna jambo moja ambalo halina mabishano. Waliobomolewa walisogea nje zaidi. Walikuwa wakiishi umbali wa safari moja ya daladala, sasa wanaishi umbali wa mbili au tatu. Reli imewapeleka mbali na kazi zao, na mimi naona reli hiyo inadaiwa nao.

Reli mpya ni ya fahari, nani atabisha? Ilianza kubeba abiria wa Morogoro Juni 2024, na wa Dodoma mwezi uliofuata. Inatumia umeme, na pale inapoingia katikati ya jiji imepandishwa juu ya daraja refu ili isipigane na magari. Stesheni yake ya kwanza baada ya Dar es Salaam ni Pugu. Hata hivyo treni ya mwendo wa kilomita 160 kwa saa haikutengenezwa kusimama Vingunguti. Kuitaka ifanye kazi ya daladala ni kumharibia mtu wa Dodoma bila kumfaa mtu wa Buguruni.

Ndiyo maana macho yangu yako kwenye ile reli ya zamani. Kadiri mizigo ya bara itakavyohamia reli mpya, ile ya mita moja itabaki na nafasi ambayo haijapata kuwa nayo tangu mwaka 1905. Kwa mara ya kwanza mwenye nyumba anahama. Swali ni kama mgeni atapewa ufunguo, au nyumba itafungwa na majani yaote juu ya mataruma.

Wapo watakaosema treni ya mjini ni ya hasara. Ni kweli kwamba nauli ya mfanyakazi haiwezi kulipia njia, ishara na vichwa. Lakini barabara ya Nyerere nayo haijaulizwa faida yake kwa mwaka. Wapo pia watakaosema kwamba mtu wa Tegeta au wa Mbagala hatasaidiwa na treni ya Pugu. Hao wana haki, na ndio sababu tiketi ya treni inapaswa kuwa ndiyo tiketi ya mwendokasi. Kituo cha mwendokasi cha Gerezani kiko jirani kabisa na reli, na awamu ya tatu ya mabasi hayo ilipangwa kuelekea Gongo la Mboto sambamba na treni. Tukiyaacha mabasi na treni yagombanie abiria yule yule kwenye kidole kile kile, tutakuwa tumefanya tena yale ya waliopima viwanja bila kuwauliza watu wa reli.

Kuhusu sheria, si lazima iwe ndefu. Iseme tu kwamba yeyote anayeendesha treni ndani ya Mkoa wa Dar es Salaam ataendesha idadi fulani ya treni za wafanyakazi kabla ya saa 2 asubuhi na baada ya saa 10 jioni, kwamba treni hizo zitapewa njia kabla ya treni ya mizigo katika saa hizo, na kwamba pengo la nauli litalipwa kutoka fungu lenye namba yake katika bajeti. Waziri atakayekuja ataikuta, na atakayeondoka ataiacha.

Wakati hayo yakisubiri Dodoma, iko kazi moja ambayo haingoji sheria. Mhandisi mmoja na msaidizi wake wanaweza kutembea kwa miguu kutoka Kamata hadi Pugu kwa siku moja, wakahesabu njia za mapishano zilizopo, ngapi bado zina vyuma, na ngapi zimekwisha jengewa vibanda.